Shangazi Amefeli MOT

Wewe mwenzangu uliyejaliwa mke, watoto, mama mkwe na gari lenye umri wa kupiga kura, vuta kiti hapa. Wenye magari mapya waendelee na shughuli zao. Haya hayawahusu, na inshallah yasije yakawahusu.

Kwetu gari lina jina. Linaitwa Shangazi. Kwenye karatasi za serikali ni Toyota Avensis ya mwaka 2006, petroli, injini ya lita 1.8, rangi ya fedha iliyochujuka. Liliundwa Burnaston, Derbyshire, ambako Toyota waliendelea kuunda Avensis mpaka 2018, kwa hiyo ukiwaondoa watoto, ndilo Mwingereza wa kuzaliwa peke yake katika nyumba yetu. Jina alilipa mwanangu wa kiume alipokuwa mdogo, kwa sababu haliondoki mpaka lilalamike kwanza, likishaondoka linasimulia njia nzima, na likikuta mwinuko linaguna. Mtoto alikuwa na shangazi mmoja tu wa kulinganisha naye, dada yangu wa Tanga, ambaye mpaka leo hajaambiwa.

Kwenye dashibodi Shangazi ana maili 187,000. Kwa tuliosoma kwa kilometa ni kama 301,000. Nilipomtajia mama mkwe hesabu hiyo alinyamaza kidogo, akatafuna tambuu yake, akasema, "Kilometa laki tatu, na Unguja bado hajafika?"

Mama mkwe huyu, ambaye nikiwa mbali naye, tena mlango umefungwa, namwita Bi Jemedari, alikuja London kumsaidia binti yake kulea kitinda mimba. Kitinda mimba sasa anakwenda sekondari kwa basi peke yake na anajua haki zake zote, na Bi Jemedari bado yupo, na kiti cha mbele cha kushoto cha Shangazi ni chake. Hakuna aliyempa. Siku moja alikaa, na ikawa.

Tunakaa Neasden, kaskazini magharibi ya London, unapokaribia Wembley lakini hujafika. Jarida la vichekesho la Private Eye lilifanya Neasden kuwa utani wake kwa miaka mingi, kiasi kwamba Mwingereza wa makamo ukimwambia unakaa Neasden anatabasamu kabla hujamaliza sentensi. Mimi sioni cha kuchekesha. Tuna stesheni ya Jubilee, tuna IKEA kando ya North Circular, tuna bwawa la Welsh Harp ambako bata wanagombana kutwa, na tuna hekalu la Swaminarayan la mawe meupe, ambalo nitalirudia, kwa sababu, amini usiamini, linahusika na bushi za gari langu.

Sasa tuje kwenye msiba wenyewe. Hapa Uingereza gari likishatimiza miaka mitatu linapimwa kila mwaka. Mtihani wenyewe unaitwa MOT, kifupi cha jina la Wizara ya Uchukuzi iliyouanzisha mwaka 1960. Wizara imeshabadili jina, mtihani umekataa. Ada haizidi pauni 54.85. Tangu 2018 makosa yamepangwa kwa ngazi: la hatari, kubwa, na dogo. Halafu pembeni kuna kitu kinaitwa ushauri, yaani jambo ambalo bado halijawa kosa lakini limeshanuia. Shangazi ameishi kwa ushauri miaka mingi. Kutu kidogo hapa, ushauri. Tairi linaelekea kwisha, ushauri. Anapita, tunashukuru, tunanunua chapati za kusherehekea.

Safari hii ushauri uliisha.

Habari sikuzileta mimi. Nilikuwa nimepanga kuzisema taratibu, baada ya chakula, mke wangu akiwa ameshiba na Bi Jemedari akiwa ameingia kusali. Lakini matokeo ya MOT yapo wazi mtandaoni. Mtu yeyote mwenye namba ya gari anayaona. Na nyumbani kwangu yupo huyo kitinda mimba, ninayemwita Mwanasheria kwa sababu ukimtuma dukani anauliza kifungu gani. Tumeketi mezani, wali wa nazi umepakuliwa, changu wa kukaanga anakatwa, mara Mwanasheria akasimama na simu yake.

"Kosa kubwa," akasoma. "Bushi za wishboni ya mbele zimechakaa kupita kiasi, kushoto na kulia. Kosa kubwa: bomba la breki la nyuma limeliwa na kutu. Kosa kubwa: ekzosi inavuja. Kosa kubwa: chuma cha chini ya mlango wa kushoto kimeoza." Akameza mate. "Na kuna ushauri wa mambo matano. Nisome?"

"Kula wali," nikamwambia.

"Mlango wa kushoto upi?" akauliza Bi Jemedari. "Wa kwangu?"

"Wa kwako, mama."

Akanitazama vile wakwe wanavyojua kutazama. Nikajikuta nimeona haya kwa kutu ambayo sikuipaka mimi.

Mke wangu hakusema kitu. Namwita CAG, kama yule Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kule kwetu, kwa sababu risiti zote za nyumba hii tangu tufunge ndoa zimo kwenye bati la biskuti juu ya kabati, na zinasomwa. Alimaliza samaki wake, akapangusa mikono, akauliza jambo ambalo mwenye MOT hakuliuliza.

"Na klachi?"

Klachi MOT hawaipimi. Sisi tunaokaa nayo ndio tunaipima. Mara ya mwisho ilikuwa siku tuliyokwenda IKEA kununua kabati la binti yetu. Kabati lenyewe lilikuwa limefungwa kwenye maboksi marefu kuliko gari. Mtu mwenye busara angemwomba mama mkwe akae nyuma, kiti cha mbele kilazwe, maboksi yapite. Sikumwomba. Maboksi yalipita sikioni mwake kama bakora za sherehe, yeye amekaa palepale, mkoba mapajani, na binti yetu kakunjwa nyuma chini ya rafu. Tukaingia foleni ya North Circular, ile ya hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama. Injini inapanda sauti, gari halipandi mwendo. Kisha harufu.

"Nani anachoma mpira?" akauliza Bi Jemedari.

Nikafungua dirisha, nikasema ni lori la mbele. CAG kimya, kule nyuma, lakini nilijua ameandika.

Hapa naomba nikuibie siri, msomaji, na ibaki baina yetu: kufeli kwa Shangazi kulinifurahisha. Wenzangu wengi wa umri huu wakiambiwa gari limefika mwisho wanalia, wanakumbuka honeymoon. Mimi nilikuwa na picha kwenye simu. Haibridi ndogo ya bluu iliyokolea, ina kamera ya kurudi nyuma, ina viti vinavyopasha moto. Nimeishi nchi hii miaka mingi na kila Januari nimekaa juu ya kiti cha baridi. Nilikuwa naitazama picha ile usiku kama kijana anavyotazama mambo yake. Nikasema moyoni: mahakama imehukumu, si mimi. Kilichobaki ni fundi athibitishe kwa maandishi, nami nionekane nimehuzunika.

Fundi wetu ni Mzee Spana. Ni Mhindi wa Kisumu, alikuja Uingereza kijana mapema miaka ya sabini, na Kiswahili chake hakijatoka pale Kisumu hata hatua moja. Gereji yake iko kwenye uchochoro wa karakana, ina joto la birika na harufu ya oili ya zamani, na ukutani juu ya birika kuna picha mbili: moja ya mtakatifu wake, nyingine ya Joginder Singh.

Alimnyanyua Shangazi kwenye lifti, akaniita chini. Sikupenda kumwona kutokea upande ule. Mzee Spana alichukua bisibisi ya mpini wa mbao, akagonga chuma cha chini ya mlango wa Bi Jemedari kuanzia mbele. Ti, ti, ti. Akafika katikati: pu. Akasukuma kidogo tu, bisibisi ikazama mpaka mpini. Alipoichomoa, vumbi jekundu likamwagika kwenye miwani yake, pamoja na jani kavu. Jani zima, la mti. Aliliokota akaliweka kwenye kiganja changu.

"Ona. Hii ndiyo adui yako."

Akanieleza. Baridi ikianza, halmashauri zinamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande. Maji ya chumvi yanarushwa na matairi, yanaingia ndani ya chuma ambacho kina uwazi katikati. Chini yake kuna vitundu vya kutolea maji. Majani na matope yanaziba vitundu, maji yanalala humo, na kutu inaanza ndani inakuja nje, kwa hiyo ukiiona kwa macho imeshamaliza kazi. Nikafikiri Tanga, ambako chumvi inakuja na upepo wa bahari bure kabisa, na kila bati linaoza kwa kudra. Huku watu wanalipa kodi ili iletwe kwa lori.

"Basi ndiyo kwisha, mzee," nikasema kwa sauti ya msibani niliyokuwa nimeifanyia mazoezi.

"Nani nasema kwisha?" Akashusha lifti, akawasha injini, akafungua boneti. "Sikia. Hii injini iko chafu nje, lakini ndani iko saa ya ukuta. Haipigi kelele. Haitoi moshi. Oili umebadilisha?"

"Kila mwaka." Ni kweli. CAG ana risiti.

"Hapana ua gari yenye injini namna hii kwa sababu ya soksi." Soksi ndiyo bushi. Alichomoa tochi akanionyesha mpira uliopasuka katikati ya wishboni, midomo wazi. "Hii mpira tu. Chuma nachomelea. Bomba navuta mpya. Klachi naweka."

Nikajaribu kumrudisha kwenye mstari. Nikamwambia kila mtu anajua kanuni: gharama ya matengenezo ikizidi bei ya gari, achana nalo. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu Mzee Spana ana dini mbili, na ya pili ni Safari Rally.

"Bei? Joginder nafanya bei?" Akaweka tochi chini. Msomaji, kama una chai, igeuze iwe ya pili. Nilisimuliwa upya Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho 1932, waliyemwita Simba wa Kenya, aliyeshinda Safari mwaka 1965 na mdogo wake Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, ilikuwa imeshatumika na kushindanishwa huko nyuma. Akashinda tena 1974, akashinda tena 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer. Akafia hapahapa London mwaka 2013. "Iliyoshinda kwanza ilikuwa gari ya kushika mkono!" akasema Mzee Spana, na macho yakamlenga. "Yeye na ndugu yake nafungua kila nati, naangalia, nafunga. Basi. Gari mpya hujui ubaya yake. Hii unajua ubaya yake yote."

Nikasema, kwa unyonge, kwamba labda spea za gari la 2006 ni ngumu kupatikana. Nikajuta. Akanishika bega akanigeuza kuelekea mlangoni, upande lilipo hekalu, ingawa kutoka pale huoni ila ukuta wa jirani. Lile hekalu lilifunguliwa Agosti 1995. Chokaa yake ngumu ilitoka Bulgaria, marumaru ikatoka Carrara, Italia, yote ikapelekwa India kuchongwa kwa mkono, ikarudishwa kwa meli mpaka Neasden vipande 26,300 na ushee, kila kimoja na namba yake, watu wakaja kujitolea kuvipanga. Mzee Spana anasema alibeba mawe mwenyewe jioni baada ya kufunga gereji.

"Jiwe imetoka Bulgaria, imepita India, imefika Neasden, haikupotea," akasema. "Wewe nashindwa bushi ya Avensis?"

Alinipa makadirio yameandikwa nyuma ya bahasha. Wishboni mbili pauni 260, bomba la breki 140, kuchomelea 280, ekzosi 120, klachi 480. Jumla 1,280. Shangazi mwenyewe, na MOT mpya ya mwaka mzima, angeuzika labda kwa 900, tena kwa mtu asiyependa kuuliza. Nikaikunja bahasha nikaiweka mfukoni, moyo umetulia. Namba zilikuwa upande wangu.

Nikakuta nyumbani yupo Shemeji Dili.

Huyu ni kaka wa mke wangu. Hajawahi kununua kitu kwa bei yake wala kukiuza kwa hasara, ukimsikiliza. Zamani alikuwa akija kwetu na dizeli ya Kijerumani ya 2013, nyeusi, viti vya ngozi, analiegesha nyuma ya Shangazi kisha anauliza kwa upole kama huyu mgonjwa anaendeleaje. Halafu ikaja ULEZ. Kama huishi London, ni kanda ya kutoza magari yanayochafua hewa. Ilianza katikati ya jiji Aprili 2019, Oktoba 2021 ikatanuka mpaka ukingo wa North Circular, na barabara hiyo inaikata Neasden, kwa hiyo kwa karibu miaka miwili kulikuwa na jirani anayelipa na jirani anayemtazama. Tarehe 29 Agosti 2023 ikameza London nzima. Gari lisilofikia kiwango ni pauni 12.50 kwa siku, na siku ya mapumziko ni moja tu, Krismasi.

Sasa angalia Mungu anavyopanga. Petroli inatakiwa kufikia Euro 4. Shangazi wa 2006 alizaliwa nayo. Dizeli inatakiwa Euro 6. Ya shemeji ilikuwa Euro 5. Mgonjwa akawa anapita bure, na mwenye viti vya ngozi anahesabiwa kila akitoka nje. Shemeji, kwa kuwa ni mtu wa dili, akawahi kuliuza Julai kwa bei ya kutupa kwa mtu wa mbali huko. Agosti hiyohiyo Meya akafungua ruzuku kwa kila mkazi wa London mwenye gari lisilokidhi, mpaka pauni 2,000 ukilipeleka kuvunjwa. Tangu siku hiyo anapanda basi namba 182, na kwetu hatutaji neno ruzuku akiwa mezani.

Nilidhani atakuwa mwenzangu. Akasema tumvunje Shangazi, walipe pesa taslimu. Mwanasheria akadakia bila kuinua macho kwenye simu: tangu 2012, mnunuzi wa chuma chakavu Uingereza haruhusiwi kulipa taslimu, ni benki au hundi. Shemeji akasema basi tuchukue ile, ile nyingine, ya Meya. Kimya kikapita. Mwanasheria akasema ilifungwa Septemba 2024, na hata ingekuwepo, Shangazi si mchafu wa kutosha. Shemeji akasema tumpakie melini tumpeleke Mombasa. Mwanasheria: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Dar, basi. Dar, nikamwambia mimi mwenyewe, umri wa gari unatozwa ushuru wa ziada, tutalipa zaidi ya thamani yake kwa ajili ya kumpeleka kupumzika. Bi Jemedari akasikia Dar akauliza Unguja imekosa nini.

Nikaleta haibridi. Nilionyesha picha. Nilieleza kamera. Sikueleza viti vinavyopasha moto, niliacha vijitokeze vyenyewe. Pauni 4,500, na bado changa.

Nilimtegemea sana binti yangu hapa. Nasra ni mtu wa mazingira. Nyumbani namwita Balozi wa Hewa. Huwezi kuacha taa inawaka akiwa nyumba moja na wewe. Nikamgeukia nikasema, "Haibridi, mama. Hewa safi." Akaniambia kwamba kuunda gari lolote jipya kunatoa moshi mwingi kabla halijatembea hata mita moja, vyuma vinayeyushwa, betri inachimbiwa migodi, kwa hiyo gari linalofaa bado lafaa litumike mpaka mwisho. Nikasema hili si jipya, ni mtumba. Akasema ndiyo, na mimi nikilinunua, mwenye nalo atakwenda kununua jipya. Akasema kwa kweli msimamo wake ni kwamba familia isiwe na gari kabisa. Kisha akauliza kama Jumapili nitampeleka Leicester na masanduku yake ya chuo.

CAG alikuwa na daftari. Aliigawa 1,280 kwa miezi ishirini na minne, akasema Shangazi akitupa baridi mbili tu ni pauni 53 na senti kwa mwezi. Akaigawa 4,500 hivyohivyo: 187 na nusu. Hapo nikamkamata, kwa sababu na mimi nimesoma. Nikamwambia hesabu si hiyo, haibridi baada ya miaka miwili bado lina bei yake, litauzika, wakati Shangazi atakuwa chuma.

"Hivyo ndivyo ulivyosema kuhusu mashine ya kukimbilia," akasema.

Mashine ya kukimbilia ipo chumbani. Tunaanikia nguo.

"Na unavyosema bei ya gari ni 900," akaendelea, "nani anauza? Mimi siuzi. Nataka kujua pauni 1,280 zinaninunulia gari gani lingine ambalo najua nani aliliendesha na oili ilibadilishwa lini." Akagonga bati la biskuti kwa kalamu. Nikajua hajaongea na Mzee Spana, nikajua pia kwamba hakuhitaji.

Bado sikuinua mikono. Nikaomba jambo moja: tukalione haibridi kwa macho. Watu hubadilika wakikaa. Jumamosi tukaenda, na kwa kuwa kiti cha mbele cha kushoto kina mwenyewe, Bi Jemedari akaja. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akamfungulia mlango. Gari lile lilikuwa chini kidogo kuliko Shangazi, kiti kimelala nyuma. Bi Jemedari ana goti la kulia ambalo lina maoni yake. Kwa Shangazi ameshajua: anageuka, anakaa, mkono juu ya mlango, mguu mmoja, mguu wa pili, bismillahi. Hapa aligeuka akakaa, akaendelea kukaa, akaendelea kushuka, mpaka tukaona kilemba na mkoba. Kutoka kulitaka watu wawili na kijana wa watu.

Lakini kabla hajatoka niliwasha. Haibridi likiwaka halisemi kitu.

"Limekufa?" akauliza.

"Hapana, mama, linatembea." Tulikuwa tumeshaanza kuondoka uwanjani.

Akasikiliza. Akasikiliza tena. "Gari hino lisilosema," akasema, "limeficha nini?"

CAG kule nyuma alikuwa ameuliza swali lake kwa kijana: haya ndiyo yanayoibwa ekzosi usiku? Kijana hakudanganya. Jirani yetu wa mtaa wa pili aliamka asubuhi akawasha haibridi lake likanguruma kama trekta. Wezi walikuwa wamepita na jeki na msumeno wakakata kile kichujio cha moshi, kwa sababu ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Na ya haibridi ndiyo wanayopenda zaidi, maana injini yake hupumzika mara kwa mara, kwa hiyo madini humo hayajachoka. CAG alimshukuru kijana. Mimi nilibonyeza kitufe cha kiti mara moja, kimyakimya, nikahisi joto linapanda mgongoni, nikakizima.

"Baba Nasra," mke wangu akasema tulipofika nyumbani, "mpelekee Mzee Spana funguo."

Pesa zilitoka kwenye akiba niliyokuwa nimeiita jina lingine. Mzee Spana alichomelea chuma kipya, akapaka nta ndani, akazibua vitundu vyote kwa waya, akanipa jani lile nikae nalo. Klachi mpya ni laini hata mguu unashangaa. Shangazi akarudi kwenye mtihani akapita, na ushauri mmoja tu, tairi la nyuma la kulia. Shemeji Dili akaja kumpongeza, na akaomba amwazime, kuna friji ya jamaa yake inahitaji kuhamishwa Harlesden. Nilikuwa nafungua mdomo kukataa kumbe dada yake alishampa funguo asubuhi.

Jana ndiyo nimempata tena. Kiti kimevutwa mbele mpaka magoti yananigusa kidevu, redio iko kwenye stesheni nisiyoijua, na gari zima linanuka friji iliyofungwa. Bi Jemedari yupo mahali pake, mfuko wa samaki wa Wembley mapajani. Mwanasheria nyuma. Nikawasha. Shangazi akalalamika kwanza, kama kawaida, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu ambayo sijawahi kuiona.

"Hiyo ni ya airbag," akasema Mwanasheria. "Ikiwaka kwenye MOT ni kosa kubwa."

"Imeanza lini?"

"Mjomba anasema aliikuta."

Nikazima, nikawasha. Ikawaka. Nikampigia CAG, nikamweleza kwa utaratibu, nikagusia kwa mbali, kwa mbali sana, kwamba kijana yule wa haibridi bado ananipigia simu.

"MOT ya mwakani ni mwakani," akasema. "Umeangalia tairi la nyuma?"

"Twende, mwanangu," akasema Bi Jemedari, akagonga dashibodi kwa kifundo cha kidole, na taa ikazimika. "Samaki wanaharibika."